Lako Hakuokotwa

Siku Afedra alipotandaza bango la ukoo kwenye uwanja wa Logiri, Ayikoru alikuwa amekaa nyuma kabisa, upande wa wanawake, akila karanga za jirani yake bila kukaribishwa wala kuomba. Bango lenyewe lilikuwa kubwa kuliko blanketi la bwana harusi. Afedra alilikandamiza kwa mawe kwenye pembe zote, akajipangusa mikono, akasimama kando yake kama mtu aliyeua chui. Alikuwa katibu wa kamati ya ukoo, anaishi Arua mjini, na viatu vyake siku hiyo viling'aa hadi kuku wakaviogopa.

"Wazee wangu, mama zangu," akasema, "mwaka mzima tumeuliza, tumeandika, tumepanga. Huu hapa ukoo wetu, kutoka babu wa kwanza hadi sisi. Baada ya Pasaka, siku ya ukoo, fundi atayachora maneno haya kwenye zege makaburini. Mvua ije, upepo uje, maneno yatabaki."

Watu wakapiga makofi. Ayikoru naye akapiga, maana hajui kusoma, na mtu asiyejua kusoma huwapigia makofi wanaojua mpaka siku atakapoambiwa walichoandika. Akamvuta nguo Lillian, binti wa marehemu kaka yake, mwalimu wa shule huko Ediofe.

"Nisomee baba yangu yuko wapi."

Lillian akainama. "Huyu hapa babu Acidri. Halafu wake zake. Mke wa kwanza, jina, na ukoo aliotoka. Wa pili, jina, na ukoo aliotoka. Wa tatu, Lako..."

"Lako ndiyo. Mama yangu. Endelea."

"Lako, aliokotwa."

"Nini kiliokotwa?"

"Yeye, shangazi. Ndivyo walivyoandika. Aliokotwa."

Ayikoru alisimama. Maganda ya karanga yakaruka kutoka mapajani mwake kama panzi. Akapiga ukelele hata, wanavyosema watu wa Logiri, ng'ombe waliokuwa wakila majani upande wa Kongo waliinua vichwa kuangalia kama vita vimerudi.

"Afedra! Kiazi huokotwa! Kuni huokotwa! Mtu akidondosha kisu njiani, kisu huokotwa! Mama yangu alidondoka kutoka mfuko wa nani?"

Watu wakacheka. Afedra akainua viganja vyote viwili. "Shangazi, usikasirike. Si mimi niliyetunga. Wazee walisema alifika hapa mwaka wa njaa, msichana peke yake, hana mtu, hana mzigo, baba yenu akamchukua. Kila mke ana kwao. Huyu tumemtafutia kwao, hatukupata. Tungeandika nini?"

"Mngeacha."

"Nafasi tupu kwenye kaburi la ukoo? Watu watauliza."

"Na hili hawataliuliza?"

"Hili ni historia, shangazi."

Mzee mmoja akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayegawa peremende, "Ayikoru, mama yako alikula hapa, akazaa hapa, tukamzika hapa. Amepungukiwa nini?"

Amepungukiwa nini! Ayikoru aliona macho yake yakijaa giza. Maana kila mtu uwanjani pale alijua alichopungukiwa, na yule mzee alijua kuliko wote. Mtu akifa Logiri, hafukiwi hivihivi. Husubiriwa watu wa kwao na mama yake. Wajomba hao, kaka za mama au watoto wao wa kiume, hutandikiwa mkeka wao peke yao, wakaukataa, wakanuna, wakabembelezwa, wakala mbuzi wao, kisha wakasema, "Haya, fukieni." Wasipokuja wajomba, maiti ni kama mzigo usio na mwenyewe.

Na mwaka juzi Dramadri, kaka yake Ayikoru, baba wa Lillian, alipofariki, mkeka wa wajomba ulitandikwa kama desturi. Ukakaa. Jua likaupiga. Wakangoja watu ambao hakuna aliyejua waliko. Mwishowe mbwa akaja akajilaza katikati, akanyoosha miguu. Shemeji mmoja mwenye mdomo akasema, si kwa sauti ndogo, "Fukieni sasa. Mjomba amefika." Watu walicheka msibani. Ayikoru aliwasikia, na tangu siku hiyo kicheko kile kilikuwa hakijatoka masikioni mwake. Sasa walitaka kukichora kwenye zege.

"Kwa hiyo mtaandika hivyo," akasema.

Afedra hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka na watu wasioridhika. "Tufanye hivi," akajibu. "Mlete mjomba. Mmoja tu. Asimame hapa siku ya ukoo, aseme Lako ni wa kwetu. Chochote atakachosema mjomba kuhusu dada yake, hicho ndicho fundi atakachochora. Naahidi mbele ya wote."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

"Basi nunua saruji nzuri," Ayikoru akasema, na akaondoka na karanga zilizobaki.

Sasa, kumtafuta mjomba ambaye humjui jina, ukoo wala kijiji si kazi ya mtu mwenye akili timamu. Mama yake hakumwachia kitu. Lako alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa nusu. Mbuzi, alisema, alilila alipokuwa mtoto mchanga. Akiulizwa alikotoka alijibu, "Nilitoka nilikotoka," akaendelea kupepeta mtama. Akiota ndoto mbaya alipiga kelele kwa Kikakwa, si kwa Kilugbara cha Logiri. Basi ni Mkakwa, na Wakakwa wamejaa kutoka Koboko mpaka ng'ambo ya Sudan Kusini. Utaanza na yupi?

Lakini lilikuwapo jambo moja. Lako hakula kanga, yule ndege wa madoadoa. Hakumla, hakumpika, hakukaa kwenye nyumba alimopikwa. Mama mkwe wake aliwahi kumjaribu, akamficha kanga ndani ya mchuzi wa simsim, yaani ufuta. Lako alinusa mara moja, akabeba chungu kile kichwani na moto wake, akatembea nacho hadi mtoni, akakitupa, akaja kukaa kimya siku nyingi mpaka mama mkwe mwenyewe akaomba radhi, jambo ambalo halijatokea tena Logiri tangu dunia iumbwe. "Kwetu hatumli," ndilo neno pekee alilolisema. Kwetu. Ayikoru alikuwa msichana mdogo, na neno lile lilimshangaza kuliko kutupwa kwa chungu. Kumbe mama ana kwao.

Kila ukoo huku una kitu chake usichokula. Kwa hiyo Ayikoru akapanga mpango wake. Asingewauliza watu ukoo wao, watu huongopa. Angewapa chakula. Mdomo huongopa ukisema, lakini tumbo likikataa limekataa. Akawatafuta wawindaji, akanunua kanga wawili wanene, akawakausha kwa moshi, akawapaka simsim iliyosagwa, akawafunga kwenye majani ya migomba na kuwatia kikapuni. Harufu yake ilimfuata mpaka Arua kwenye maegesho ya malori, na dereva mmoja wa Sudan Kusini aitwaye Tongun akamkubalia lifti kabla hajaomba.

"Mama, iko na nini kwa hiyo kikapu?" Tongun aliuliza walipopita Koboko.

Kule njiani watu hawasemi Kilugbara wala Kikakwa na mgeni. Wanasema Kiswahili chao cha sokoni na jeshini, na Ayikoru alikijua vizuri. "Iko na swali," akamjibu.

"Swali inanuka vizuri."

"Onja."

Tongun akanyofoa paja zima, akalitafuna na mfupa wake. Ayikoru akamtazama, akasikitika. "Wewe si mjomba yangu," akasema, akaangalia dirishani.

Aliteremka Oraba asubuhi. Mpaka ulikuwa umechangamka: malori yamepanga foleni kuelekea Kaya, upande wa Sudan Kusini, mawakala wa forodha wanakimbia na karatasi, wabadilishaji pesa wamekaa chini ya miavuli na vibunda vyao. Wakakwa kila upande. Ayikoru akajipangusa vumbi, akamwendea wa kwanza, kijana mmoja nadhifu, wakala wa forodha aitwaye Marino.

"Mwanangu, onja hii nyama ya kanga."

Marino akaangalia, akameza mate, akarudi nyuma. "Hapana, mama. Asante. Mimi siwezi kula."

Siwezi kula! Ayikoru aliangusha kikapu. Alimkumbatia yule kijana, karatasi zake zikatawanyika barabarani. "Mjomba! Mtoto ya mjomba yangu!" Marino alijaribu kujinasua kwa heshima. Alipofanikiwa, Ayikoru alikuwa amekwisha kumwendea mpokeaji mizigo, naye akakataa. Akawaendea wabadilishaji pesa watatu, mmoja baada ya mwingine, wote wakatikisa vichwa. Polisi akakataa. Mama wa chapati akakataa. Kufikia saa sita mchana Ayikoru alikuwa na wajomba wa kujaza lori na tela lake, amelia mpaka sauti imekauka, na kila aliyemkumbatia alikuwa anamkwepa.

Ndipo Natalina, mwanamke aliyekuwa akichemsha chai kando ya foleni ya malori, akamwita.

"Mama, wewe iko mgonjwa?"

"Mimi iko mzima. Nimepata watu yangu. Wote hapa hawali kanga."

Natalina akamtazama, kisha akaangua kicheko hadi birika likatetemeka. "Mama yangu! Leo iko Ijumaa. Ijumaa ya Kwaresima! Sisi Wakatoliki nani atagusa nyama? Na wale wengine iko na Ramadhani, mwaka hii zote mbili zimekuja pamoja. Hapa Oraba leo nani atakula nyama yako mchana? Labda kunguru."

Ayikoru alijipiga paji la uso. Yeye, aliyebatizwa Ediofe na padri mwenye ndevu, alikuwa amebeba nyama mpakani siku ya Ijumaa ya Kwaresima na kuwalisha Wakristo! Aliona aibu kidogo, na hasira nyingi. Akaikasirikia kalenda, akawakasirikia watu wanaofunga wote kwa mpigo bila kupanga zamu. Akaketi juu ya jiwe, akanywa chai ya Natalina huku amenuna.

"Ngoja jua lishuke," Natalina akamwambia. "Wale wa pesa wanafuturu pamoja pale, kwa mkeka. Peleka wakati hiyo. Atakayekataa na njaa yake yote, huyo ndiye."

Jua liliposhuka, wabadilishaji pesa wakakunja miavuli, wakatandika mkeka, wakala tende. Ayikoru akaweka kanga wake katikati, akajikalia kando kama mtu asiye na nia yoyote. Mikono ikaingia. Wote wakala. Wakasifu simsim. Mmoja tu, mzee wa mvi aitwaye Yakani, alikuwa amechelewa kunawa. Akaja, akaingiza vidole, akaleta kipande karibu na pua.

Akakitupa kama kaa la moto. Akasimama, akasugua mkono wake kwa mchanga, akausuuza, akausugua tena.

"Nani ameleta hii ndege hapa?" akanguruma.

"Mimi," Ayikoru akasema.

"Nani amekutuma kunitukana mbele ya watu?"

"Mama yangu."

"Mama yako nani?"

"Lako."

Yakani aliacha kusugua mkono. Wenzake wakaacha kutafuna. Kisha akauliza polepole, "Sikio yake ya kushoto ilikuwa namna gani?"

"Nusu. Alisema mbuzi alikula."

"Na wewe iko mutu ya wapi?"

"Logiri, huko Vurra."

Yakani alirusha mikono juu. "Wezi! Wezi ya Vurra! Ninyi ndiyo mliiba dada ya baba yangu! Baba alikufa anawataja ninyi! Kila siku, wale Walugbara, wale Walugbara!"

Ayikoru naye alisimama. Alikuwa amemtafuta mtu huyu maisha yake yote, na sasa hakujua amkumbatie au amzabe kofi. Inasemekana alifanya yote mawili, ila kofi lilitangulia.

"Kule nyumbani wanasema aliokotwa! Hapa unasema aliibiwa! Mutu moja ataokotwa na kuibiwa namna gani? Unaweza kuokota kitu yenye umeiba?"

"Muulize mwizi!"

"Mwizi ni bibi yako!"

"Bibi yangu ni bibi yako pia!" Yakani alipiga kelele, kisha akasikia alichosema. Wale wenzake wakaanza kucheka. Naye akakaa chini kwenye mkeka, akajishika magoti, na baada ya muda akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Alizaa wangapi?"

Asubuhi yake akampeleka Koboko mjini, kwa Zuhurah. Zuhurah alikuwa mdogo wake Lako, tumbo moja, wa mwisho kubaki. Aliolewa na Mwislamu wa Koboko akabadili jina, akazika mume na watoto wawili. Macho yake yalikuwa yamekwisha na meno pia, lakini hakuna aliyewahi kusema ulimi wake umepungua. Yakani na nyumba nzima walimwita Haboba, kama watu wa Koboko wanavyowaita mabibi zao.

Haboba alimvuta Ayikoru karibu, akampapasa uso, pua, shingo, akafika masikioni. Akakuta yote mazima. "Hawa mbuzi hawakukupenda," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akalia. Kisha akauliza, "Alikufa vizuri?"

"Alikufa kitandani, mama mdogo. Tulikuwa wote."

"Na huko wanasema nini juu yake?"

"Wanasema aliokotwa."

"Hm. Na huyu amekuambia nini?"

"Anasema aliibiwa."

Kikongwe kile kikajinyoosha mkekani, kikawa kirefu ghafla. "Nani aliokotwa? Nani aliibiwa? Lako alikimbia! Kwa miguu yake! Mimi nilimshikia mbwa mdomo!"

"Haboba," Yakani akaanza.

"Nyamaza. Baba yetu alitaka kumpa rafiki yake, mzee mmoja ananuka kama ngozi mbichi. Ng'ombe walikuwa wamefika. Lako alisema hapana. Wakampiga. Akasema hapana. Basi alfajiri akaniamsha, mimi mtoto hivi. Akaniambia, shika mbwa asibweke. Nikamshika mdomo, nikamkumbatia, akaning'ata hapa, angalia. Lako akapita uani. Barabarani kulikuwa na wanawake wa Vurra wanabeba tumbaku kwenda Arua. Akaingia katikati yao, akatembea. Walipouliza nyumbani, nikasema amekwenda kuchota maji." Akapangusa macho kwa kanzu. "Mpaka leo bado anachota."

"Haboba, maneno haya si ya kusema mbele ya watu," Yakani akasema.

"Nani ataniua? Baba aliona haya kusema binti yake amemkataa mtu. Akasema ameibiwa na watu wa Vurra. Kaka zangu wakashika hilo, wakakuzaa wewe, nawe ukashika hilo. Mwanaume akiibiwa anaonewa huruma. Akikimbiwa anachekwa."

Ayikoru alikuwa amekuja na hasira ya kuwatosha watu wa Logiri, na sasa ilimbidi aigawe: kidogo kwa babu aliyempiga binti, kidogo kwa wajomba walioficha aibu yao, na, Mungu amsamehe, kidogo kwa mama yake aliyepepeta mtama miaka yote bila kumwambia. Nilitoka nilikotoka. Alimwona mama yake akitembea katikati ya wanawake wa tumbaku, msichana mwenye sikio nusu, hana mzigo, anajifanya ana mzigo. Alikuwa amefikiri anatafuta ukoo ili aufunge mdomo wa shemeji. Kumbe alikuwa anamtafuta huyu msichana, na alikuwa hajui kama yupo.

"Mtakuja Logiri," akasema. "Wote wawili. Mtasema."

Wakaja. Jumamosi baada ya Pasaka Yakani alikodi gari, akamweka Haboba mbele, na watu wa Logiri wakawatandikia mkeka wa wajomba. Ah, Yakani aliufurahia mkeka ule! Aliukataa, akanuna, akasema ni mdogo, ukaletwa mwingine, akasema una vumbi, ukakung'utwa. Ayikoru alikaa anamtazama akinuna, na machozi yakimtoka, maana hakuwahi kuona mjomba wake akinuna. Shemeji mwenye mdomo alikuwapo. Hakusema neno.

Kule makaburini, Taban fundi alikuwa amemwaga zege, bamba pana la kulala chini, na kwa msumari mnene alikuwa akichora majina. Alifika kwa Acidri. Akachora mke wa kwanza, wa pili. Akachora Lako, herufi nne. Akainua kichwa. "Niendelee vipi? Zege linakauka."

"Mjomba atasema," Afedra akatangaza. "Niliahidi."

Yakani akasimama, akaikunja kanzu yake. "Andika aliibiwa."

Makaburini kukalipuka kelele. "Sisi si wezi!" "Andika na wewe ulikokuwa miaka yote!" "Mtu alikuja hapa anakufa njaa!" "Alikuja mwenyewe au mlimvuta?" Afedra alishika kichwa. Akamshika Yakani mkono, wazee wengine wakafuata, wakaenda kuzungumza nyuma ya ghala la mtama. Wanawake walibaki. Taban alinyunyizia zege maji ili lisikauke.

Walirudi wanacheka. Yakani na yule mzee wa peremende walikuwa wameshikana mikono kama watu waliosoma pamoja.

"Tumekubaliana," Afedra akasema, na uso wake uling'aa kuliko viatu. "Hakuna aliyeokotwa, hakuna aliyeibiwa. Sikilizeni. Lako, alitolewa na kaka zake kwa amani."

Wanaume wakapiga makofi.

Ayikoru alihisi damu ikimpanda kutoka visigino. "Alitolewa?"

"Kwa amani, shangazi. Ni maneno mazuri. Pande zote zimeridhika."

"Pande zote! Na yeye yuko upande gani? Kutolewa ndiko alikokukimbia! Haboba yuko hapa, alikuwapo, aliona! Muulizeni!"

"Haboba amechoka na safari," Yakani akasema bila kumtazama. "Ni mzee sana. Anachanganya mambo."

"Sichanganyi!" Haboba akapiga kelele kutoka mkekani, lakini wanaume walikuwa wamekwisha kumgeukia Taban, na Afedra alikuwa anamsomea herufi: A, L, I...

Ayikoru alivua ndala. Hakujua kusoma, hakujua kuandika, na siku hiyo alichoshwa na wanaojua. Akapandisha gauni, akawapita wazee, akampita Afedra, akamsukuma Taban kwa nyonga, na kwa mguu wake wa kulia, mzima, mzito, wenye nyufa, akakanyaga zege bichi chini ya jina la mama yake. Akakandamiza. Akahesabu vidole vikizama.

"Shangazi!"

"Alitembea," Ayikoru akasema. "Hilo ndilo neno. Sijui herufi zake. Hili hapa."

Kelele iliyofuata haiwezi kusimuliwa. Mzee wa peremende alikaa chini. Afedra alimwamuru Taban apige mwiko alainishe. Taban akainua mwiko, akamtazama Yakani, maana siku ya wajomba neno la mjomba ndilo la mwisho. Yakani akautazama ule unyayo.

"Amefanya nini?" Haboba akauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Lillian akainama masikioni mwake. "Amekanyaga zege, Haboba. Chini ya jina."

"Vidole vinaelekea wapi?"

"Huku kwetu. Upande wa nyumba za Logiri."

"Ni sawa. Ndiko alikokwenda." Akanyoosha mkono hewani. "Yakani, njoo unishike. Nivue kiatu."

"Haboba, tafadhali."

"Nivue kiatu, mtoto wa kaka yangu. Au niseme kwa sauti jina la yule mzee wa ngozi mbichi, na watu wa hapa wajue ukoo wake?"

Yakani alipiga magoti, akamvua kiatu. Wakambeba, yeye upande mmoja, Ayikoru upande wa pili na mguu wake umejaa saruji. Haboba alipapasa kwa kidole gumba cha mguu, akaukuta unyayo wa Ayikoru, akakitembeza kidole ukingoni kote.

"Wangu mnigeuzie Koboko," akasema. "Mimi nilibaki."

Wakamgeuza, akakanyaga.

Taban alirudisha mwiko ndani ya ndoo. Afedra alisimama na karatasi zake, hana tena cha kusoma, viatu vimechafuka. "Sasa shangazi," akasema, na sauti yake ilikuwa karibu kama ya mtoto, "watu wakija kutoka Arua wakiuliza hii ni nini, nitawaambia nini?"

Ayikoru alikuwa amekaa ukingoni, anaosha mguu kwa maji ya fundi, anasugua katikati ya vidole saruji isigande.

"Utawaambia waje kwangu," akajibu. "Na waje mchana, maana hadithi ni ndefu, na waje wamekula. Mimi sigawi nyama tena."